Akupancha ya umeme: Yanayotokea ubongoni sindano inapochomwa mguuni

Mgonjwa amelala kitandani. Tabibu anamchoma sindano mbili nyembamba chini ya goti, upande wa nje wa muundi, kisha anazifunga nyaya zinazotoka katika kifaa kidogo kinachotumia betri. Anapokiwasha, msuli wa mguu unaanza kurukaruka taratibu kwa mapigo yanayolingana. Baada ya dakika 30 hivi mgonjwa anasema kwamba maumivu ya mgongo yamepungua. Mgongo wenyewe haukuguswa, na hakumeza dawa yoyote.

Tiba hiyo huitwa akupancha ya umeme. Wapo wanaoiamini bila kuuliza swali, na wapo wanaoiona kuwa ni mazingaombwe. Kati ya pande hizo mbili kuna zaidi ya nusu karne ya utafiti wa maabara, na utafiti huo umejibu sehemu kubwa ya swali moja: ni kwa njia gani sindano iliyochomwa mguuni inaweza kubadili kazi ya seli za neva zilizomo ndani ya ubongo? Jibu lake humfaa mgonjwa anayetaka kujua alipe fedha zake kwa ajili ya nini, na asitarajie nini.

Sindano, waya na mapigo

Akupancha ni tiba ya jadi ya China ya kuchoma sindano katika sehemu maalumu za mwili. Maandishi ya kale ya Wachina yanayoielezea yana umri wa miaka 2,000 hivi. Kwa mujibu wa mafundisho hayo ya jadi, mwilini mna mikondo ya nguvu ya uhai, na sindano huiweka sawa mikondo iliyovurugika. Mwaka 2010 Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni, UNESCO, liliiingiza akupancha katika orodha ya urithi wa kitamaduni wa binadamu.

Kutia umeme katika sindano ni jambo la karibuni zaidi, na halikuanzia China. Daktari Mfaransa, Jean-Baptiste Sarlandière, aliandika juu yake mwaka 1825. China yenyewe iliichukua kwa nguvu katika karne ya 20, kwa sababu kifaa cha umeme kilimwondolea tabibu kazi ya kuizungusha sindano kwa vidole kwa muda mrefu. Umeme unaotumika ni mdogo sana, wa miliampea chache tu, na haufiki ubongoni. Kinachofika huko ni habari.

Habari hiyo husafirishwa na seli za neva. Seli ya neva inaweza kufananishwa na uzi mrefu wenye uhai: ikisisimuliwa upande mmoja, hupeleka pigo dogo la umeme hadi mwisho wake, na hapo humwaga kemikali inayoiamsha, au kuituliza, seli inayofuata. Sindano yenye umeme inasisimua ncha za neva zilizo ndani ya misuli na katika tando zinazoifunika. Mapigo yanapanda hadi uti wa mgongo, yanaingia shina la ubongo lililo juu ya shingo, na kutoka hapo yanasambaa katika maeneo mengine ya ubongo.

Kutoka chumba cha upasuaji hadi maabara

Utafiti wa kisasa wa suala hili ulichochewa na upasuaji. Mwaka 1958 madaktari wa Shanghai walimwondoa mgonjwa mafindofindo ya koo kwa kumchoma sindano za akupancha badala ya kumpa dawa ya usingizi. Njia hiyo ikaenezwa katika hospitali nyingi za China. Mwaka 1965 kijana mmoja mtaalamu wa fiziolojia mjini Beijing, Han Jisheng, alipewa jukumu la kuchunguza jambo hilo lilivyowezekana.

Nchi za Magharibi zilianza kulizungumzia suala hilo mwaka 1971, pale mwandishi wa gazeti la New York Times, James Reston, alipougua kidole tumbo akiwa Beijing. Mara nyingi husimuliwa kwamba alipasuliwa kwa akupancha. Sivyo. Alipasuliwa akiwa amepewa dawa ya ganzi ya kawaida. Sindano alichomwa baadaye, ili kumpunguzia maumivu na gesi tumboni. Makala aliyoiandika juu ya mkasa huo ilisomwa sana, na mwaka uliofuata Rais Richard Nixon wa Marekani alipoitembelea China, madaktari wa nchi yake walikuwa tayari wakiuliza maswali.

Han na wenzake walianza na jambo jepesi, nalo ni kupima. Waliwapima watu waliojitolea kiwango cha maumivu ambacho ngozi yao inaweza kuvumilia, kisha wakawachoma sindano katika sehemu iitwayo Hegu, iliyoko kati ya kidole gumba na kidole cha shahada. Uvumilivu ulipanda polepole hadi kufikia kilele baada ya nusu saa hivi. Sindano ilipotolewa, nafuu haikukatika ghafla bali ilififia kidogo kidogo. Dawa ya ganzi ilipodungwa kwanza katika sehemu hiyo ya mkono, sindano haikuleta nafuu yoyote. Kwa hiyo ilidhihirika kwamba neva ndizo zinazobeba ujumbe: neva ikinyamazishwa, ubongo haupati habari.

Maji ya ubongo wa sungura

Ule mwendo wa polepole uliwapa watafiti fununu nyingine. Kama kazi yote ingekuwa ya umeme wa neva peke yake, nafuu ingekuja na kuondoka kwa kufumba na kufumbua. Kuchelewa kwake kulionyesha kwamba kuna kemikali inayokusanyika mahali fulani.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kundi hilo la Beijing liliwachoma sungura sindano hadi uvumilivu wao wa maumivu ukapanda, kisha likachota kiasi cha majimaji yanayouzunguka ubongo wao na kuyatia katika ubongo wa sungura wengine ambao hawakuchomwa kitu. Sungura hao wa pili nao wakawa wavumilivu wa maumivu. Bila shaka ubongo wa sungura wa kwanza ulikuwa umetoa kitu. Lakini kitu gani?

Jibu lilitoka nje ya China. Mwaka 1975 John Hughes na Hans Kosterlitz, wa Aberdeen huko Scotland, walitangaza kwamba ubongo hutengeneza wenyewe kemikali zinazofanya kazi kama mofini, dawa ya kutuliza maumivu makali inayotokana na afyuni. Waliziita enkefalini. Muda mfupi baadaye zikagunduliwa nyingine za ukoo huohuo, zikiwemo endofini na dainofini. Mofini hutuliza maumivu kwa sababu inaingia, kama ufunguo katika kufuli, katika vipokezi ambavyo mwili uliviumba kwa ajili ya kemikali zake wenyewe.

Kilichofuata kilikuwa jaribio rahisi lakini lenye uzito. Ipo dawa iitwayo naloksoni, inayotumiwa hospitalini kumwokoa mtu aliyezidisha mofini au heroini. Kazi yake ni kuziba vipokezi hivyo. Mwaka 1976 Bruce Pomeranz na mwenzake, wa Chuo Kikuu cha Toronto, waliwapa naloksoni panya waliotibiwa kwa akupancha ya umeme. Nafuu ya panya hao ikatoweka. Mwaka uliofuata watafiti wa Marekani waliripoti matokeo ya namna hiyo kwa binadamu. Matokeo hayo yalidhoofisha sana dai kwamba nafuu ya sindano ni dhana tupu, kwani panya hasikii mahubiri ya tabibu.

Kasi mbili, kemikali mbili

Ugunduzi ulioitofautisha kabisa akupancha ya umeme na ile ya mkono ulikuja katika miaka ya 1980 na 1990. Kifaa cha umeme kina kitufe cha kuchagua kasi ya mapigo. Han na wenzake walibaini kwamba kwa kubadili kasi hiyo wanabadili pia aina ya kemikali ambayo mfumo wa neva unaitoa.

Mapigo ya polepole, yaani mara 2 kwa sekunde, huchochea kutolewa kwa enkefalini na endofini. Mapigo ya haraka, mara 100 kwa sekunde, huchochea dainofini. Watafiti walilithibitisha hilo kwa panya kwa kutumia vitu vya kuzinasa kemikali hizo moja moja: walipoinasa enkefalini katika uti wa mgongo, mapigo ya polepole yalikosa nguvu na yale ya haraka yakaendelea kufanya kazi, walipoinasa dainofini, mambo yakawa kinyume chake.

Njia zenyewe ndani ya ubongo ni tofauti pia. Mapigo ya polepole hutegemea kundi la seli lililoko katika haipothalamasi, sehemu ndogo iliyo chini ya ubongo inayosimamia njaa, joto la mwili na homoni. Seli hizo zikiharibiwa katika panya, mapigo ya polepole hayaleti nafuu, ilhali yale ya haraka huendelea kuileta. Mapigo ya haraka, kwa upande wake, yanapitia kituo kingine kilicho katika shina la ubongo. Mwisho wa safari, njia zote mbili hutuma amri kushuka hadi uti wa mgongo, na huko seli zinazopokea habari za maumivu kutoka mwilini zinapunguziwa sauti. Ndiyo maana mtu anayetibiwa haachi kuhisi anapoguswa. Anachopungukiwa ni ukali wa maumivu.

Kutokana na ugunduzi huo, vifaa vingi vya leo vimetengenezwa ili vibadilishane kasi vyenyewe: sekunde chache za mapigo ya polepole, kisha sekunde chache za mapigo ya haraka. Kusudi lake ni kuzipata kemikali zote kwa pamoja.

Ubongo unapochoka kusikia

Kilicho na faida kina pia mpaka. Panya waliotiwa umeme kwa saa nyingi mfululizo waliacha kupata nafuu, kama vile mgonjwa anayetumia mofini kwa muda mrefu anavyohitaji dozi kubwa zaidi. Tena, panya waliozoea mofini waliitikia sindano kwa unyonge. Jambo hilo liliongeza ushahidi kwamba tiba hizo mbili zinapita mlango mmoja.

Chanzo kimojawapo cha hali hiyo ni kemikali iitwayo kolesistokinini, ambayo ubongo huitoa kuzipinga endofini zake wenyewe. Panya wanaoitoa kwa wingi huitikia sindano kidogo tu. Hapa pana funzo la kitabibu: anayesema kwamba tiba ikirefushwa ndipo itakuwa na nguvu zaidi anakwenda kinyume na ushahidi. Tena, tofauti ya wagonjwa wawili waliochomwa sindano ileile inaweza kuwa katika ubongo wao, wala si lazima iwe katika mkono wa tabibu.

Picha za ubongo wa binadamu

Ubongo wa mtu hauwezi kufunguliwa kama wa panya, lakini mashine za MRI zinaweza kuonyesha ni maeneo gani yanayotumia damu zaidi na ni yapi yaliyotulia. Mwaka 2000 Kathleen Hui na wenzake mjini Boston walichapisha picha za watu wenye afya waliochomwa sindano ya mkono katika sehemu ya Hegu. Waliohisi uzito na ganzi, hisia ambayo Wachina huiita deqi, walionekana kutulia katika maeneo ya ndani ya ubongo yanayohusika na woga, hisia na kumbukumbu, ikiwemo amigdala. Waliohisi maumivu makali ya kuchomwa, maeneo hayohayo yaliamka. Kundi hilohilo la Boston lilipolinganisha sindano ya mkono na ya umeme mwaka 2005, lilibaini kwamba umeme, hasa wa mapigo ya polepole, uliamsha maeneo mapana zaidi.

Utafiti mwingine wa Boston, uliochapishwa mwaka 2017, uliwahusu wagonjwa wenye ganzi na maumivu ya kiganja yanayosababishwa na kubanwa kwa neva kwenye kifundo cha mkono. Kwa wagonjwa hao, ramani ya vidole ndani ya ubongo huvurugika: maeneo ya vidole viwili vilivyo jirani hukaribiana na kuingiliana. Baada ya wiki 8, waliotibiwa kwa akupancha ya umeme walionyesha kwamba neva zao zinapitisha habari kwa kasi zaidi, na ramani ya vidole imeanza kutengana tena. Waliopewa sindano za kuigiza, zisizopenya ngozi, hawakuonyesha mabadiliko hayo.

Hata hivyo, palikuwa na jambo la kustaajabisha. Mwishoni mwa matibabu, makundi yote, likiwemo la sindano za kuigiza, yalisema yamepata nafuu. Tofauti ilionekana miezi mitatu baadaye: wale ambao ramani ya ubongo wao ilikuwa imetengemaa ndio ambao nafuu yao ilidumu.

Mguu wa panya na seli za aina moja

Swali la zamani zaidi ni hili: je, mahali sindano inapochomwa pana maana yoyote? Mwaka 2021 kundi la watafiti wa Marekani na China, likiongozwa na Qiufu Ma wa Chuo Kikuu cha Harvard, lilitoa sehemu ya jibu katika jarida la Nature. Walitumia panya waliopewa sumu ya bakteria inayoufanya mwili ujishambulie wenyewe kwa kinga iliyopita kiasi. Umeme mdogo ulipotiwa katika mguu wa nyuma, mahali panapolingana na sehemu ya Zusanli chini ya goti la binadamu, ujumbe ulipanda hadi shina la ubongo, ukaziamsha seli za neva ya vagasi, na neva hiyo ikaziamuru tezi za adrenali, zilizo juu ya figo, kumwaga homoni zinazotuliza kinga iliyochachamaa.

Umeme uleule ulipotiwa tumboni, haukufanya hivyo. Sababu ni kwamba aina maalumu ya neva, inayotambulika kwa kipokezi kimoja, imesambaa kwa wingi katika tishu za ndani za mguu, lakini si katika zile za tumbo. Neva hizo zilipoondolewa, tiba ilikufa. Zilipoamshwa kwa mwanga, bila sindano wala umeme, tiba ilifanya kazi. Kwa hiyo mahali pana maana, lakini maana hiyo inatokana na ramani ya neva.

Mwaka mmoja kabla, kundi hilohilo lilikuwa limetoa onyo. Umeme wenye nguvu kubwa uliotiwa tumboni kabla ya ugonjwa uliwasaidia panya, lakini ulipotiwa wakati ugonjwa umeshapamba moto, uliwazidishia madhara.

Je, ni sindano au ni matumaini?

Ushahidi kuhusu seli za neva haumaanishi kwamba kila dai la kitabibu ni kweli. Mwaka 2007 watafiti wa Ujerumani walichapisha jaribio la wagonjwa 1,162 wenye maumivu sugu ya mgongo, waliotibiwa kwa sindano za mkono. Waliopata nafuu kwa akupancha halisi walikuwa asilimia 47.6, waliochomwa juujuu katika sehemu zisizo rasmi walikuwa asilimia 44.2, na waliopata matibabu ya kawaida ya hospitali walikuwa asilimia 27.4. Akupancha ya aina zote mbili iliyashinda matibabu ya kawaida, lakini halisi haikuishinda ya kuigiza kwa kiasi cha maana.

Hapo ndipo wanasayansi wanapotofautiana. Baadhi yao wanasema kwamba matumaini ya mgonjwa ndiyo yanayotenda kazi. Wengine wanajibu kwamba hata sindano ya juujuu huamsha neva, na kwamba matumaini yenyewe huamsha endofini zilezile ubongoni. Majaribio ya akupancha ya umeme nayo yamegawanyika. Mwaka 2017 utafiti wa China wa wanawake 504 wanaovuja mkojo wanapokohoa au kunyanyua mzigo ulionyesha nafuu iliyo wazi zaidi kuliko ya sindano za kuigiza. Mwaka huohuo, utafiti mwingine wa China uliowahusu wanawake 1,000 waliokosa uzazi kutokana na vifuko katika ovari ulionyesha kwamba akupancha haikuongeza idadi ya watoto waliozaliwa.

Wagonjwa wa Afrika Mashariki

Kwa Afrika Mashariki suala hili si geni. Timu za madaktari wa China zimekuwa zikipelekwa Zanzibar na Tanzania Bara tangu miaka ya 1960, na akupancha ni miongoni mwa huduma ambazo timu hizo zimekuwa zikizitoa barani Afrika. Wakati huohuo, nchini Uganda, wagonjwa wa saratani hupewa mofini ya maji, ambayo imewapunguzia wengi mateso ya siku zao za mwisho. Mofini hiyo na sindano ya umeme vinagonga mlango mmoja ubongoni, ila havigongi kwa nguvu sawa. Sindano huinua uvumilivu wa maumivu, haiyafuti. Hata katika zile operesheni za China, wagonjwa walichaguliwa kwa uangalifu, na mara nyingi waliongezewa dawa za kutuliza. Mwenye saratani asiache mofini yake kwa ajili ya sindano, na mwenye maumivu asiyojua chanzo chake apimwe kwanza, kwani maumivu yanaweza kutulizwa huku ugonjwa ukiendelea kukua.

Yapo pia mambo ya usalama. Mtu aliyewekewa kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo hapaswi kutiwa umeme wa aina hii. Mjamzito na mwenye kifafa wamweleze tabibu hali zao kabla ya kuanza. Sindano ziwe mpya, zifunguliwe mbele ya mgonjwa na zitupwe baada ya matumizi, kwa kuwa sindano inayorudiwa inaweza kueneza homa ya ini na virusi vya UKIMWI. Sindano ya kifuani inayozama mno inaweza kutoboa pafu. Kazi hiyo isifanywe na mtu asiyefuzu.

Mgonjwa aliyelala na nyaya mguuni, basi, hachezewi akili. Neva zake zinapeleka habari, ubongo wake unafungua ghala yake ya dawa, na uti wa mgongo unapunguza kelele za maumivu. Lakini ghala hiyo ina kikomo, na si kila ugonjwa una dawa yake humo. Tabibu mwaminifu humweleza mgonjwa mambo yote mawili kabla ya kuiwasha mashine.